Mkigombana Baharini, Kwenu ni Wapi?

Hebu fikiria. Wewe na mwenzio mmeacha kazi, mmeuza gari, makochi mmegawia ndugu, mmenunua boti ya matanga na kuhamia baharini. Hakuna bosi, hakuna foleni, hakuna mwenye nyumba wa kugonga mlango tarehe mosi. Mwezi huu Mafia, mwezi ujao Komoro, mwakani Madagaska. Wawili tu, jua linazama, kinywaji mkononi. Raha mustarehe, au siyo?

Mume wangu ndivyo anavyoona. Yeye ni mtoto wa Mikindani, ule mji mkongwe ulio kando ya ghuba, kilomita chache kabla hujaingia Mtwara mjini. Wajomba zake wavuvi, na yeye mwenyewe alianza kushika kasia kabla hajashika kalamu. Siku hizi anatengeneza kompyuta za ofisi za watu, lakini mkimpita ufukweni shingo yake inageukia majini kama mtu aliyeitwa.

Mimi sasa! Mimi nimezaliwa Chiungutwa, wilaya ya Masasi, huko ambako watu wanaulizana habari za korosho kabla ya kuulizana habari za watoto. Bahari niliiona nikiwa na miaka kumi na minne, kupitia dirisha la basi, nikadhani mbingu imeshuka. Kuogelea nilikuwa sijui. Na ningejifunzia wapi, kwenye dumu?

Basi siku moja, tukiwa tumemaliza kula, bwana akaniambia kwamba kile kiwanja chetu cha Mtwara, tulichokilipia kwa miaka mitatu ili tujenge, tukiuze. Anataka tutafute boti. Katamarani.

Boti ya watu wawili

Usiogope jina. Kama umepanda boti za Azam za kwenda Zanzibar basi katamarani umeshapanda. Ni chombo chenye mitumbwi miwili iliyopangwa sambamba na kuunganishwa juu, katikati panabaki uwazi maji yanapita. Ile ya Azam inaendeshwa kwa injini. Hii ya watalii wa masafa marefu inakwenda kwa tanga, na injini ni ya kuingilia bandarini au ya siku upepo ukigoma.

Neno lenyewe linatoka kwa Watamili wa India, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja. Wala sisi wa pwani hii si wageni wa jambo hili. Ngalawa yetu, na ile mirengu yake miwili ya pembeni inayoizuia isipinduke, inasemekana ni akili iliyokuja na mabaharia wa upande wa Indonesia, hao hao waliovuka bahari nzima wakaijaza Madagaska. Kwa hiyo mume wangu akisema kwamba anataka tu ngalawa kubwa yenye jiko na choo, hajakosea sana.

Wenye kuishi baharini wanaipenda katamarani kwa sababu hailali ubavu kama boti ya kawaida. Unaweka kikombe cha chai mezani na unakikuta. Haihitaji kina kirefu, inaweza kusogea hadi karibu na mchanga. Lakini ina ubaya wake: haipendi mizigo, ukiijaza sana inakuwa nzito na mbaya baharini. Na ikitokea imepinduka, haijirudishi. Inabaki miguu juu kama mende.

Aliyeipa umaarufu kwa watu wa kawaida ni Mwingereza James Wharram. Kati ya mwaka 1955 na 1956 alivuka Bahari ya Atlantiki na katamarani ndogo aliyoijenga mwenyewe, haifiki hata mita nane, akiwa na wanawake wawili wa Kijerumani. Ndiyo, umesoma vizuri, mwanaume mmoja na wanawake wawili, mita nane, bahari nzima. Hilo nimemkataza mume wangu asilitolee mfano.

Sasa mwezi Agosti 2023 ikaingia ghuba ya Mikindani katamarani moja ya futi arobaini. Ndani mke na mume kutoka Ulaya, watu wa miaka sitini hivi, wametokea Mayotte kwa upepo wa kusi, na huo ulikuwa mwaka wao wa tisa majini. Mume wangu alikwenda kuwarekebishia kompyuta. Akarudi macho yanang'aa. Wiki haijaisha tukawa tumealikwa tuwasindikize hadi Kilwa, usiku mmoja. Mtoto tukampeleka kwa bibi yake.

Maji ya kata moja

Nilitegemea kushangaa. Kilichonishangaza ni jinsi nilivyojisikia nyumbani.

Msomaji wa Dar unayefungua bomba ukiimba, hujui. Kule juu kwa Wamakonde, Newala na majirani zake, maji ni hadithi ya tangu enzi. Uwanda uko juu, maji yako chini bondeni, na kwa vizazi vingi akina mama wameshuka na kupanda miteremko na ndoo kichwani. Mtoto wa huko anafundishwa mapema: kata moja ya uso na mikono, maji ya kuoshea mboga yanakwenda kwenye vyombo, ya vyombo yanakwenda kwenye mche. Ukimwaga tone unaangaliwa.

Ile boti ilikuwa na matangi ya lita mia sita. Piga hesabu: madumu thelathini. Kwa watu wawili, na bandari inayofuata pengine iko wiki mbili mbele. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari kwanza, halafu vinasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Kuoga ni kujimwagia ya chumvi, kisha kopo moja la mwisho. Wana pia mashine ya kuchuja chumvi, ila inakula umeme, na umeme ni wa jua, na mawingu yakikaa siku tatu mnarudi kwenye kopo.

Mume wangu, mzoefu wa bahari, alimaliza kopo lake akaomba la pili. Mimi nilibakiza. Yule mama aliniangalia akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa bibi yangu, kilomita mia mbili kutoka baharini.

Zamu

Hapa ndipo picha za mitandaoni zinapokudanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Boti inayovuka bahari haisimami usiku. Huko kina ni kirefu, nanga haifiki chini. Na sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinataka kila chombo kiwe na mtu anayeangalia mbele, muda wote. Mkiwa wawili, hesabu yake ni nyepesi na chungu: mmoja akilala, mwingine yuko macho. Wale walikuwa wanapokezana kila masaa matatu. Saa tatu hadi saa sita, yeye. Saa sita hadi saa tisa, mwenzie. Saa tisa hadi alfajiri, yeye tena. Usukani unajiendesha wenyewe kwa mashine, lakini mashine haioni jahazi lisilo na taa, wala nyavu.

Maana yake nini kwa mapenzi? Maana yake ni kwamba wapenzi waliohama nchi kavu ili wawe pamoja wanavuka bahari wiki tatu bila kulala kitanda kimoja hata usiku mmoja. Wanakutana kwenye kubadilishana zamu, mmoja anaamka na macho mekundu, mwingine anampa koti lenye joto na taarifa ya upepo, basi. Nilimuuliza yule mama kwa adabu, na mambo yetu yale je? Akacheka sana. Akasema nanga ikishashuka, ndipo ndoa inapoanza upya. Wengine wangelipa pesa kupata kiu ya namna hiyo.

Tuling'oa nanga Mikindani alasiri. Kusi ilikuwa inatusukuma vizuri, na mkondo wa pwani yetu nao unakwenda kaskazini, kwa hiyo tulipepea. Usiku ule haukuwa na mbalamwezi. Kwa wasiojua, giza la mwezi ndilo wavuvi wa dagaa wanalolisubiri, wanatoka na taa zao na bahari inageuka kama mji. Zamu ya saa sita ilikuwa ya mume wangu na yule mzee. Mimi nikaambiwa nikalale.

Nilale! Nililala chali, nasikia maji yanapita unene wa ubao mmoja kutoka sikioni. Juu yangu ni miguu ya mwanaume mmoja ninayempenda, ambaye nyumbani anasahau kufunga bomba la gesi. Kila mtu anasema anamwamini mwenzie. Mimi pia nasema. Lakini kumwamini mtu ukiwa umefumba macho, na kosa lake moja ndilo kaburi lenu wote, hiyo ni lugha nyingine kabisa.

Halafu nikasikia anapiga kelele. "Oyaa! Wazee! Nyavu ziko wapi?" Tochi ikawaka mbali gizani, sauti ikajibu tupite juu, upande wa mashariki. Kulikuwa na ngalawa mbili bila taa, na wavu katikati. Yule mzee hakuwa ameona chochote, na angeona asingejua kuuliza. Tukageuza. Wavuvi wakatusalimia, mume wangu akawatakia riziki njema, boti ikaendelea.

Nikalala kama mtoto mpaka asubuhi. Nilipoamka Kilwa ilikuwa mbele yetu.

Swali la mjomba

Kabla ya safari hiyo tulikwenda Chiungutwa kumpa taarifa mjomba. Sisi watu wa huku ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Nilitaka alisikie wazo la boti kutoka kwetu, lisimfikie kwa mdomo wa watu.

Mume wangu akaamkia vizuri, "Shikamoo mjomba," akaeleza mpango wote kwa ustaarabu. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Akavuta kiti. Akauliza swali moja tu.

"Sawa baba, nimekuelewa. Sasa huko baharini mkigombana, huyu mtoto wetu anarudi kwao kwa njia gani?"

Mume wangu akabaki anacheka cheka. Mimi sikucheka. Kwetu mwanamke akizidiwa anafunga kanga zake, anarudi kwa mama yake, mjomba anaitwa, wakubwa wanakaa, mambo yanapoa au yanaisha. Hiyo ndiyo breki ya ndoa zetu. Hata sisi wa mjini, ukimkasirikia mtu unachukua bodaboda unakwenda kwa shoga yako mpaka jioni. Kwenye futi arobaini za boti unachukua nini?

Nilimbebea yule mama swali hilo kama lilivyo. Akanishika mkono, akanipeleka ndani, akanionyesha. Mtumbwi wa kulia una chumba chao, kitanda kikubwa, mapazia. Mtumbwi wa kushoto una chumba kidogo, kitanda kimoja, rafu ya vitabu, na mlango unaofungwa. Hapo ni kwake. Akigombana na mume wake anavuka sebule, anashuka ngazi tatu, anafunga mlango. Mzee haruhusiwi kubisha mpaka zamu ifike. Zamu ikifika wanaongea, kwa sababu lazima: upepo uko wapi, meli imeonekana wapi, chai iko kwenye chupa. Ugomvi unaweza kuendelea baadaye, lakini taarifa ya zamu hainyimwi mtu.

Alisema kwenye boti yao ya kwanza, ya mtumbwi mmoja, nusura waachane. Ndiyo maana wakanunua ya miwili.

Na jambo jingine alinionyesha, na hili wasichana mnisikilize. Mara kwa mara mzee anatupa dumu baharini bila kusema, halafu anakaa kimya. Mama peke yake ndiye anapaswa kupunguza tanga, kugeuza boti, kulirudia dumu na kuliokota. Dumu ndiyo mume. Alisema amekutana na wake wengi wanaosafiri kama abiria, wanapika na kupiga picha, kila kitu anajua bwana. Bwana akiteleza usiku, wajane hao hawajui hata kuisimamisha boti. Usiku wana kanuni: hakuna kwenda mbele ya boti bila mkanda uliofungwa kwenye kamba, na bila kumwamsha mwenzio kwanza. Hata kama utaonekana unasumbua.

Waliokutwa na makubwa

Kuna wanandoa Waingereza, Paul na Rachel Chandler. Oktoba 2009 walitoka Shelisheli na boti yao Lynn Rival, ya mtumbwi mmoja, wakiwa wanakuja kwetu, Tanga. Kama kilomita 1,800 za maji. Hawakufika. Maharamia wa Kisomali waliwateka wakiwa njiani, wakawapeleka nchi kavu, wakawashikilia siku 388. Watekaji walitaka kuwatenganisha, wao wakagoma kuachana, wakapigwa. Wakatenganishwa kwa nguvu, kila mtu kambi yake, kabla ya kurudishwa pamoja. Walitoka Novemba 2010, na mmoja wa waliosaidia alikuwa dereva teksi wa London mwenye asili ya Somalia. Halafu unajua walifanya nini? Boti yao ilikuwa imeokolewa. Wakaitengeneza, na mwaka 2012 wakarudi baharini.

Nimemsoma Rachel mara nyingi usiku nikijaribu kumwelewa.

Mwezi huo huo wa Oktoba, mwaka 2010, wapenzi wa Afrika Kusini, Bruno Pelizzari na Deborah Calitz, walikuwa kwenye boti Choizil iliyotoka Dar es Salaam kuelekea Richards Bay. Nao wakatekwa. Nahodha aligoma kushuka akaokolewa, wao wawili wakachukuliwa. Miezi ishirini, hadi Juni 2012.

Mume wangu anasema hayo yamepita. Kweli, Januari 2023 mashirika ya meli yaliifuta ramani ya eneo la hatari la Bahari ya Hindi. Lakini Desemba ya mwaka huo huo meli ya mizigo, MV Ruen, ikatekwa. Na upande wa kusini, ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado imekuwa na vita tangu Oktoba 2017. Sisi watu wa Mtwara hilo hatulisomi gazetini, wakimbizi wa Palma wa mwaka 2021 tuliwaona kwa macho. Kwa hiyo akichora njia yake nzuri kwenye ramani, Mikindani hadi Pemba ya Msumbiji, mimi naweka kidole hapo na kukaa nacho.

Hesabu za jikoni

Mimi ni mhasibu, nisamehe. Katamarani iliyotumika ya futi arobaini, ya kuvukia bahari, kuipata chini ya dola laki moja ni bahati. Laki moja ni kama shilingi milioni 250 hivi. Mabaharia wenyewe wanasema tenga asilimia kumi ya bei kila mwaka kwa matengenezo, maana chumvi haina likizo. Nilimgeuzia mjomba hesabu hiyo kuwa korosho, kwa ile bei ya Serikali ya mwaka 2018, shilingi 3,300 kwa kilo. Inakuja tani sabini na tano na ushee. Mjomba aliondoka mezani.

Kiwanja chetu hakifiki hata robo. Na mikorosho ya Chiungutwa ni ya upande wa mama, mkwe haigusi.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Yeye ameanza kutafuta kazi ya kupeleka na kurudisha boti za watu, msimu mmoja wa kusi, alipwe yeye badala ya kulipa. Kama baada ya msimu bado anataka, tutaongea. Mimi nina masharti yangu mawili, na ya kwanza nimeshayatimiza mwenyewe: Jumamosi asubuhi niko Shangani, Mtwara, najifunza kuogelea pamoja na watoto wa darasa la tatu, ambao wananicheka waziwazi.

La pili ni dumu. Tunakwenda Mikindani Jumapili, tunaazima ngalawa ya mjomba wake, mimi nashika tanga na usukani. Yeye anatupa dumu na kufunga mdomo. Jumapili iliyopita alitupa mara tano. Niliokota mara tatu. Akasema kwa mtoto wa Masasi si haba.

Nikamwambia hizo mbili zilizobaki ni yeye, kwa hiyo kiwanja hakiuzwi mpaka zitimie tano.